Mwanangu, kabla hujachukua hiyo fomu ya ubunge

Mwanangu, salamu zako nimepata, marahaba. Ile voisi nimeisikiliza mara tatu, unasema uenyekiti wa mtaa umekuchosha, kila siku kugongewa mlango sababu ya mitaro na barua za utambulisho, na uchaguzi ujao unachukua fomu ya ubunge moja kwa moja. Mi sikukatazi. Ila nina neno na nimeona niliandike maana kwenye simu huwa unanikatiza nasahau nilikofikia.

Mwaka 1984 nilikuwa darasa la nne, hapa hapa Morogoro. Tarehe 12 Aprili Mwalimu Nyerere mwenyewe akatangaza redioni kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki, gari lilipata ajali pale Dakawa akitokea Dodoma bungeni kwenda Dar. Bibi yako alikuwa anapeta mchele, akaweka ungo chini akakaa tu. Sijawahi kuona watu wazima wanamlilia kiongozi vile, na wakati huo tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, yani nchi ilikuwa na njaa kabisa. Mwaka uliotangulia ndo alikuwa ameanza ile vita ya wahujumu uchumi, watu walioficha bidhaa wakawa wanazitupa porini usiku. Kuna walioumizwa bila haki na mpaka leo naona sheria ile ilizidi ukali, hilo lazima ulijue usije ukamfanya malaika. Lakini hata waliomchukia, mi sikusikia mtu mtaani kwetu anasema Sokoine anakula.

Sasa nyie vijana mnamjua kuanzia uwaziri mkuu tu, 1977, akiwa na miaka 38. Huko nyuma hamuangalii. Kabla hajawa mbunge 1965 alikuwa mtendaji wa halmashauri ya wilaya kule kwao Umasaini, ndo akaingia bungeni, akawa naibu waziri, 1972 waziri wa ulinzi, ndo baadaye huo uwaziri mkuu. Alianzia kwenye mafaili ya wilaya mwanangu, na mi naamini ndo maana hakudanganyika kirahisi na ripoti za maofisa, alijua zinavyoandikwa.

We unaijua halmashauri yako? Sisemi jengo. Unajua mapato ya ndani ni shilingi ngapi, na ile asilimia 10 yake inayotengwa kwa mikopo, 4 ya akina mama, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, kwenye kata yenu imefika kwa nani? Diwani ndo anakaa WDC, yani kamati ya maendeleo ya kata, anasikia shida za mitaa yote, halafu anaenda nazo kwenye baraza, anakutana na mkurugenzi ambaye hakupigiwa kura na mtu, ameteuliwa na Rais, na inabidi ambane huyo mkurugenzi kwa hesabu, sio kwa kelele. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilo hilo. Asiyejua kusoma bajeti anaingia, anasaini posho, anapiga picha, anaondoka. Nimewaona, wengine niliwapigia kura mwenyewe na iliniuma sana.

Kwa hiyo ombi langu gombea udiwani kwanza. Miaka mitano. Najua utasema unachelewa, sijui fulani mlisoma nae tayari yuko Dodoma, sawa, ila mi nakujua we ni mtu wa kuuliza maswali tangu mdogo na hilo swali lako likiwa halina namba ndani yake watakuzima dakika moja.

Ukikubali ntazunguka nyumba kwa nyumba na magoti yangu haya, na akina mama wa vikoba ntawasemesha mwenyewe.

Jumamosi njoo. Mchele wa Dakawa upo, nimekuwekea kilo kumi. Uje na taarifa ya mapato na matumizi ya halmashauri yenu ya mwaka jana, kaiombe ofisini, wakikuzungusha rudi tena, tuikalie wote mezani mstari kwa mstari.

Mama yako