Kwako Mdogo Wangu, Kuhusu Mwezi wa Ami

Mdogo wangu,

Idi hii nayo umeisali huko huko uliko, na salamu zako nimezipata kwa watu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua zangu za faragha hujazijibu.

Juu ya hesabu uliyompinga nayo ami yetu aliposema ameuona mwezi wa Idi, hatuna ugomvi. Jioni ile ya tarehe 29 Ramadhani mwezi ulitua kabla ya jua, na hilali, yaani mwezi mwandamo, iliyotangulia jua kutua haiwezi kuonekana magharibi. Hilo nililijua kabla hujalisema. Nisichokusamehe ni namna ulivyolisema. Ami alikuwa ametoka ufukweni na kutoa ushahidi wake mbele ya imamu, nawe ukasimama katikati ya baraza, ukainua simu ili kila mtu aione, ukamwambia mzee aliyekusomesha juzuu kwamba alichokiona ni wingu na kwamba dini yake ni ya watu wasiojua kuhesabu. Vijana wakacheka. Ami akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akaivaa, akaivua tena.

Na kauli hiyo ya dini ya wasiojua kuhesabu haikuwa ya kweli. Taqi al-Din al-Subki, kadhi mkuu wa Damascus aliyefariki mwaka 1355, wa madhehebu ya Shafii kama sisi, alishikilia kwamba hesabu ya yakini ikionyesha kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai kuuona hukataliwa. Katika mji huo huo Ibn al-Shatir, aliyekokotoa nyakati za sala za Msikiti wa Umayya, alieleza mwendo wa mwezi kwa mfumo unaokaribia kufanana na ule wa Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya aliyezaliwa karibu karne moja baada yake kufariki. Wengi walimpinga al-Subki kwa hadithi ya Mtume ya kufunga kwa kuuona na kufungua kwa kuuona, lakini ubishi huo ulikuwa wa wanafikihi, wanazuoni wa sheria ya dini, wenyewe kwa wenyewe. Ami mwenyewe hufuturu kwa ratiba ya hesabu iliyobandikwa msikitini, na sijamwona akipima kivuli kabla ya adhuhuri.

Unawaambia watu kwamba nami nilijua nikanyamaza, eti mnafiki. Nilinyamaza kwa kuwa imamu hakuwa ameamua, nami nilikusudia kumnong'oneza pembeni. Ulinitangulia kwa dakika chache, ukaniachia kazi ya kumbembeleza mzee arudi barazani. Ni mimi, wala si wewe na simu yako, niliyemweleza polepole kwamba hilali haionekani mpaka iachane na jua kwa takriban nyuzi 7, naye akaniuliza maswali ambayo wewe hukuwahi kuyauliza. Basi nani kati yetu aliyeitetea elimu?

Mwaka huu, kabla ya kwenda ufukweni, Ami alitaka kwanza kujua mwezi utatua saa ngapi.

Ramadhani ijayo njoo kabla ya tarehe 29, umpelekee saa hizo za machweo nyumbani kwake, na kabla hujatoa simu mbusu mkono. Nauli nitatuma mimi, kama kawaida.