Karatasi ya ghala si risiti ya duka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara ya stakabadhi ghalani (hati anayopewa aliyeweka mazao yake ghalani), ambayo imekuwa na sheria yake hapa Tanzania tangu mwaka 2005 na ambayo sisi wa mikoa ya kusini tumeizoea zaidi kupitia korosho. Wengi bado tunaichukulia stakabadhi kama risiti ya duka, ilhali mwenye kuishika kihalali ndiye anayeweza kudai mzigo uliomo ghalani, au kuuweka rehani benki bila kusogeza hata gunia moja. Msimu uliopita ndugu yangu alinunua ufuta kwa kupewa kivuli (fotokopi) cha stakabadhi, kimekunjwa mara nne, nyuma hakina saini wala muhuri. Alipofika ghalani akaambiwa stakabadhi halisi iko benki kama dhamana ya mkopo. Fedha alishalipa, tena taslimu! Muuzaji hawezi kuhamisha haki asiyokuwa nayo, na kivuli hakihamishi chochote. Naomba wasimamizi wa maghala wabandike mlangoni, kwa Kiswahili chepesi, utaratibu wa kuthibitisha stakabadhi kabla ya malipo.

Mkulima wa ufuta,
Lindi