Mjomba, lile dude huku lina mpaka sheria yake

Mama shikamoo, mjomba shikamoo, na nyie wengine wote hapo Igoma habari za siku. Mimi mzima, kazi zinaenda, baridi ndo imeanza kuuma na saa kumi na moja jioni giza tayari. Hela ya ada nimeshatuma, mama acheki simu, na ikibaki kidogo anunue mafuta ya kula asianze kunitumia risiti.

Sasa mjomba nianze na wewe. Ile klipu uliyotupia kwenye grupu la familia, lile dude la manyoya limeshika simu linajirekodi msituni linaongea Kiingereza kama mtangazaji wa redio, halafu ukaandika muulizeni huyo aliyeko Marekani, na shangazi akadakia kwamba hata Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi huko ziwani, limeonekana, nimecheka mpaka wenzangu kazini wakaniuliza kuna nini. Ile ni akili mnemba mjomba, hakuna aliyeenda msituni pale, mtu kakaa chumbani kwake kaandika maneno video ikatoka yenyewe, tangu 2025 zimejaa za namna hiyo. Ila swali umelipeleka kwa mtu sahihi maana naishi jirani kabisa na makao makuu ya hilo dude, huku wanaliita Bigfoot, wengine Sasquatch.

Mnajua nipo jimbo la Washington, siyo ule mji wa rais, hili ni la huku magharibi mwisho linapakana na Canada, misitu tupu. Nikitoka Vancouver (ya Marekani, ile nyingine iko Canada) nikafuata mto Columbia kwenda juu kama saa moja hivi nafika kamji kanaitwa Stevenson, wilaya ya Skamania. Huko lile dude unalikuta kila kona, masanamu ya magogo yamechongwa kwa chensoo yamesimama nje ya maduka, stika kwenye magari, soksi, vikombe, fulana za watoto. Na sitanii, mwaka 1969 halmashauri ya hiyo wilaya ilipitisha sheria kwamba ukimuua Bigfoot faini dola 10,000 au jela miaka 5 au vyote kwa pamoja. Siku waliyopitisha ni tarehe 1 Aprili, sikukuu ya wajinga, kwahiyo watu wanajua ulikuwa utani nusu, ila ile nusu nyingine ilikuwa na akili, kwasababu wawindaji walikuwa wanamiminika na bunduki kutafuta dude na viongozi wakaogopa mtu atampiga risasi mwenzake aliyevaa koti la manyoya. Mwaka 1984 wakairekebisha adhabu zikapungua. Haijafutwa. Mjomba dola 10,000 ni kiwanja Buhongwa na chenji inabaki, kwa mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumleta hata kucha.

Hadithi yenyewe ya kisasa ilianzia California kaskazini 1958, sehemu inaitwa Bluff Creek, walikuwa wanachonga barabara msituni, dereva wa katapila anaitwa Jerry Crew akakuta asubuhi nyayo za mtu kuzunguka mashine yake, kila moja kama sentimita 40, akamwaga plasta akatoa umbo lake akaenda nalo gazetini, picha ikatoka na jina Bigfoot likasambaa nchi nzima. Mkandarasi wa ile barabara alikuwa anaitwa Ray Wallace. Alipofariki 2002 familia yake ikatoa miguu ya mbao iliyochongwa mikubwa, wakasema mzee alikuwa anaivaa anatembea nayo usiku kuwatania wafanyakazi. Wanaoamini walikataa, wakasema labda nyayo zingine alifanya yeye lakini siyo zote, na mpaka leo wanabishana.

Halafu kuna ile video maarufu, naamini mmeiona hata kama hamjui ndo yenyewe, dude linatembea kwenye mchanga wa mto linageuka linaangalia kamera halafu linaendelea zake bila haraka. Ilipigwa na Roger Patterson akiwa na mwenzake Bob Gimlin, hapohapo Bluff Creek, tarehe 20 Oktoba 1967, haifiki hata dakika moja. Lina maziwa kifuani kwahiyo wanasema ni jike. Sasa angalia, Patterson alikuwa ameenda kule na kamera kwasababu alikuwa anatengeneza filamu kuhusu hilohilo dude, halafu kwa bahati likamtokea! Mwaka 2004 jamaa mmoja wa Washington hukuhuku, Bob Heironimus, ikatoka kwenye kitabu kwamba aliyekuwa ndani ya yale manyoya ni yeye. Gimlin siku zote anakana, anasema alichokiona ni mnyama. Mimi nikiangalia ule mwendo naona mtu kabisa, ila wapo maprofesa waliotumia miaka kupima magoti yake, mmoja anaitwa Grover Krantz alikuwa chuo kikuu cha Washington State, wenzake wakamcheka lakini hakuacha mpaka kafa 2002.

Hata FBI waliingizwa, wale wale wa kwenye muvi. Mwaka 1976 mtafutaji mmoja anaitwa Peter Byrne aliwaandikia, akawapelekea nywele 15 zimeshikana na kipande cha ngozi, wakapima wakajibu hizi ni za mnyama wa jamii ya kulungu. Faili walilitoa hadharani 2019 watu wakafurahi kweli kulisoma. Na wale wa Himalaya wenye dude lao wanaloliita Yeti yaliwakuta hayohayo, mwaka 2017 watafiti walipima vinasaba vya vitu 9 vilivyokuwa vinatunzwa kama vya Yeti, mfupa, jino, ngozi, 8 vikawa vya dubu na kimoja cha mbwa. Dubu nyie hamjamuona, ni mnyama anasimama miguu miwili akitaka kunusa, na akitembea mguu wa nyuma unakanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele, unapata unyayo mrefu kama wa mtu. Na misitu ya huku inao dubu weusi wengi tu.

Lakini mjomba kubishana na karatasi ni rahisi, kubishana na mzee ni kazi. Hapa ninapofanya kazi ya kulea wazee kuna mmoja alikuwa mkata magogo ujana wake wote, dirishani kwake ana mguu wa plasta mweupe, mrefu kupita mkono wangu kuanzia kiwiko, kidole gumba kimemeguka, kila nikipangusa vumbi unga mweupe unabaki kwenye kitambaa. Ananiambia aliliona kwa macho, anataja mpaka harufu. Nikamwambia hapana babu, mbona hakuna mzoga. Akanijibu kitu wanachopenda kusema wote, kwamba hata gorila wazungu walisema hadithi mpaka walipomkuta. Hapo ndo nikamshika! Gorila wa milimani yule Mjerumani von Beringe alimpiga risasi 1902 kule Sabinyo kwenye milima ya Virunga, lakini watu wa pale walikuwa wanaishi naye siku zote. Na yule wa Gabon alipoandikwa vitabuni 1847, kilichoanza ni mafuvu na mifupa, wenyeji walikuwa nayo. Aliyekuwa hajui ni mzungu tu. Huku kinyume chake, hadithi ipo na sanamu zipo, mfupa ndo hakuna.

Halafu nikamletea Rubondo. Shangazi sikiliza na wewe maana ndo jibu lako. Kati ya 1966 na 1969 yule mzee Grzimek, Mjerumani wa zuu ya Frankfurt, na watu wake walileta sokwe 17 kutoka kwenye zuu za Ulaya wakawaachia kwenye kile kisiwa, kama kilomita za mraba 240, msitu mnene. Wakajifunza wenyewe kula matunda ya porini na kulala juu ya miti, wakazaliana. Na wanajificha kweli, mgeni analipia boti anaenda anatembea siku nzima anarudi hajaona hata mkia, na sokwe wenyewe mkia hawana. Ila askari wa hifadhi wanajua wako wapi. Wanakuta viota walivyolalia jana, wanakuta kinyesi, maganda ya matunda, wanasikia kelele zao asubuhi. Sokwe wachache kisiwani wanaacha uchafu wote huo, sasa dude la mita mbili na nusu linakula wapi, linanya wapi, linazikwa na nani, kwenye misitu iliyojaa wawindaji na kamera za kutegea?

Mzee akafikiria kidogo akasema wanazikana wenyewe, hao sokwe wenu hawana akili hiyo. Nikaishiwa maneno, nikampa dawa zake.

Kuna kitu kimoja lakini sikicheki. Makabila ya asili ya huku walikuwa na habari za Sasquatch kabla ya hizo kamera na miguu ya mbao, kuna watu wanaitwa Sts'ailes huko Canada kwao ni kiumbe cha kuheshimiwa, mlinzi wa ardhi. Hiyo ni imani yao na wala hawahitaji majibu ya FBI. Kinachoniudhi ni wale wauza fulana na tiketi.

Na mjomba usijione tumebaki nyuma. Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, kapteni Hichens, aliandika kwamba akiwa anavizia simba misitu ya Ussure na Simbiti, pembeni ya mbuga ya Wembere, chini ya Shinyanga hapo, aliona vitu viwili vidogo vya manyoya mekundu-kahawia, futi 4 hivi, vinatembea wima vikapita uwazi vikapotelea kichakani, mwindaji aliyekuwa naye akamwambia hao ni agogwe. Bibi kakulia Igunga na hajawahi kutuambia hata siku moja! Mama muulize kwa upole, asije akasema ndiyo ili kutufurahisha.

Nimebakiza dagaa kidogo tu, na michembe imeisha kabisa, akipatikana mtu wa kuja naomba mnikumbuke. Na mjomba, mzee nimemwambia una boti na unalala dago, kambi za wavuvi visiwani, miaka yote, kaniomba nikuulize usiku huko ziwani umewahi kuona nini ambacho hukukielewa. Nitumie sauti, ndefu tu usijibane, ntamtafsiria Jumapili akimaliza kula. Usimpe ya mamba, hiyo nimeshampa.