Barua kwa mwanangu aliye Salamanca, Uhispania

Tanga, Novemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, hofu ni juu yako uliye mbali. Bibi yako goti limetulia, anakusalimu sana.

Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Ulisema yule mama mwenyeji wako amekukaripia mbele ya wanawe kwa kutembea pekupeku kwenye vigae, na jioni ukakuta viatu vya ndani mlangoni mwa chumba chako, vya manyoya, kibandiko cha bei bado kipo chini ya soli. Wewe ukalilia ule ukali. Mimi niliposikia habari ya kile kibandiko nikashusha pumzi. Mtu ametoka na baridi ile, akaenda dukani kwa ajili ya miguu yako. Namba yako hakukuuliza, bila shaka aliitazama kwenye raba zako. Hapo mlipo ni karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, mwanangu, na miguu yako imezoea mkeka.

Sijawahi kukusimulia nilivyoishi kwa watu nilipoletwa mjini kuanza kidato cha kwanza. Nilikaa miezi miwili kama mgeni. Nikiulizwa kama nimeshiba nasema nimeshiba, na njaa inaniuma. Naoga alfajiri nisimkere mtu. Siku moja mama wa nyumba ile akanifokea kwa kuacha ndoo ukumbini, nikajifungia nikalia. Magharibi akaniita jikoni, akanisukumia mbuzi na vifuu viwili vya nazi, akasema, "Kuna, wali unakungoja." Nilikuna mpaka nikajichuna kidole. Usiku ule ndio kwanza nilikula nikashiba katika nyumba ile, na nikaomba ukoko.

Kwa hiyo uliponiambia kwamba siku hizi unaambiwa uandike meza, nimefurahi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe jembe umepewa. Lishike. Usingoje kutumwa, uliza nguo zinafuliwa siku gani, na maji ya moto usiyaache yakimwagika bure, umeme na gesi wanalipia wao.

Chakula sasa. Hapa nimekasirika kidogo na wewe. Umekula adesi kwa kutoa vipande vya soseji ya nguruwe na kuvificha chini ya mkate, kisha ukalala na njaa! Mchuzi wenyewe umepikwa nayo, umetoa nini? Mwambie wazi, kwa adabu, kabla hajawasha jiko: "No como cerdo," yaani sili nguruwe. Mwambie ni dini yako, na kwamba hata kwenye supu na maharage usiwekewe. Asipoambiwa atajuaje? Mkoa huo wa Salamanca ndiko uliko mji wa Guijuelo, unaosifika Uhispania nzima kwa mapaja ya nguruwe ya kukausha. Akikuwekea mezani anakupa kilicho bora nyumbani mwake. Muombe samaki, muombe ile tortilla yao ya viazi na mayai, ambayo kwa picha uliyotuma mimi naiona ndugu kabisa wa chipsi mayai. Na kwa kuwa chakula cha usiku kwao ni saa tatu, pengine saa nne, kula kitu alasiri kama wanavyofanya wenyewe.

Wakimaliza kula, usinyanyuke. Yale maongezi ya baada ya chakula wameyapa hata jina, sobremesa, na ndiyo baraza lao. Umesema una aibu kwa sababu kila ukifungua mdomo yule mama anakusahihisha. Mwache akusahihishe! Nimefundisha Kiswahili miaka 27, na mwanafunzi niliyekata tamaa naye ndiye niliyeacha kumsahihisha. Tena hiyo lugha si ngeni kwako kama unavyodhani. Waislamu walitawala sehemu za nchi hiyo tangu mwaka 711 mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492, na maneno ya Kiarabu yakabaki midomoni mwa watu kama yalivyobaki kwetu. Azúcar yao ni sukari yetu, aceituna ni zaituni, na hasta imezaliwa na neno lile lile lililotupa "hata". Mesa na bandera utazitambua mwenyewe, sisi tulizipata kwa Wareno. Hata ojalá, wanaposema wanatamani jambo liwe, ndani yake limo jina la Mwenyezi Mungu. Mwambie hayo mezani uone atakavyofurahi.

Kuhusu kumwita tú, ile "wewe" ya watu waliozoeana, mtu wa umri wa mama yako, najua ulimi unakuwa mzito, maana umelelewa kwa shikamoo. Lakini ni yeye mwenyewe aliyekuomba uiache usted, ile "wewe" ya heshima. Kumtii ndiyo heshima yake. Na wanaume wa ukoo wakija kukubusu mashavuni, wahi kutoa mkono, au weka wako kifuani na utabasamu. Wataelewa.

Sasa jambo gumu, na ni gumu kwangu kuliko kwako. Kila usiku, wenzako wanapokaa mezani, wewe umo chumbani unaongea na mimi. Tangu saa zenu zirudishwe nyuma mwisho wa Oktoba tumeachana saa mbili, kwa hiyo ninakaa macho hadi saa sita nikingoja sauti yako, na naipenda. Lakini ninakuibia meza yao. Kuanzia wiki hii tuongee Jumapili tu, saa kumi jioni kwenu, saa kumi na mbili hapa. Ukiugua au ukipata shida, piga saa yoyote.

Nimekutumia doti moja ya kanga kwa kijana wa jirani anayesafiri Ijumaa. Ikate, kimoja chako, kimoja chake. Jina lake mtafsirie wewe, kwa Kihispania chako hicho hicho.

Na vile viatu uvivae.

Mama yako