Risala ya Wakazi kwa Mgeni wa Heshima Siku ya Kufungua Njia ya Maji ya Mtaa Wetu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwakilishi wadi wetu, chifu na naibu wake, maafisa wa kaunti na wa kampuni ya maji, viongozi wa dini, wazee wa Nyumba Kumi, majirani, na ninyi watoto mlioketi pale mbele kwenye nyasi: hamjambo, na karibuni sana.

Sisi ni wakazi wa ploti ishirini na mbili katika mteremko huu unaotoka Menengai kuelekea mjini Nakuru. Tumekuita, Mheshimiwa, ufungue kitu kisichovutia macho: ukanda mtupu wa ardhi, upana wa hatua nne, unaopita nyuma ya nyumba zetu kutoka barabara ya juu hadi barabara ya chini. Ndani yake hamna kitu ila mtaro wa maji ya mvua, na huo utupu ndio tunaosherehekea. Miezi saba iliyopita palikuwa na kuta sita, mabanda mawili ya kuku, jiko la mabati, vyumba viwili vya kupangisha, na mikaratusi iliyopenyeza mizizi ndani ya bomba la maji taka.

Hapa palikuwa shamba moja la mahindi. Liligawanywa ploti za futi hamsini kwa mia, tukanunua mmoja mmoja, kila mtu kwa jasho lake. Tulionyeshwa bikoni nne, yaani alama za mipaka ya ploti, tukalipa, tukasubiri hati miliki. Ramani ya ugawaji ilikuwa na mistari miwili ya vitone iliyokata ploti zote kwa nyuma, lakini hakuna aliyeuliza ni ya nini. Ukishahangaika miaka kumi kutafuta ploti, jicho lako huenda kwenye bikoni, haliendi kwenye vitone.

Vitone vile vilikuwa njia ya huduma, ile maafisa wa ardhi huiita weilivu. Chini yake limelazwa bomba la inchi sita la maji taka ya ploti zote, na juu yake pameachwa mkondo wa maji ya mvua. Ardhi ile ni yako, hati inasema hivyo, na hakuna jirani anayeweza kuja kupanda sukuma hapo bila idhini yako. Lakini inabeba mzigo kwa ajili ya wengine. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitambua haki ya namna hii: ardhi moja hubeba, nyingine hufaidi, na mzigo huo haufutiki ploti inapouzwa au kurithiwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka huohuo, katika kifungu cha 28, inataja haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista, yakiwemo mabomba yaliyolazwa kwa mamlaka ya sheria. Kwa hiyo mtu anayesema, "Hati yangu ni safi, nitajenga hadi kwenye bikoni," amesema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ataisikia siku bomba litakapopasuka chini ya sebule yake.

Jambo hili si geni mjini. Wazee waliokulia katika mitaa ya zamani wanavikumbuka vichochoro vya nyuma vilivyoachwa ili wafanyakazi wapite na ndoo za choo. Mji uliopangwa uliacha njia ya uchafu kabla ya kuweka milango ya mbele. Sisi tuliojenga juzi tuliiziba.

Mheshimiwa, mvua za Aprili 2024 hakuna atakayezisahau katika kaunti hii. Usiku wa kuamkia tarehe 29, kule Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli mahali ambapo njia yake ilikuwa imezibwa na takataka na udongo, kisha yakapasua. Makumi ya watu walikufa. Kwetu hakufa mtu, na hatuthubutu kujilinganisha na waliofiwa. Lakini tuliposikia jinsi yale maji yalivyozuiwa kwanza ndipo yakaua, tulitazamana, kwa sababu wiki ileile maji yalikuwa yamejaa nyuma ya ukuta wa ploti ya nne hadi kiuno cha mtu mzima. Ukuta ule ulipoanguka usiku, maji yote yaliteremka kwa pamoja hadi nyumba ya mwisho, nyumba ya shosho wetu. Tulimkuta amesimama juu ya meza, taa ya simu mkononi, magunia yake mawili ya maharagwe yakielea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, na ukuta ndio uliotuletea ufa.

Siku mbili baadaye, maji ya mvua yakiwa yamepungua, chemba ya chini, ile wengi tunaiita menholi, ilianza kutapika. Mvua ilikuwa imekoma, kwa hiyo tukalaumu bomba kwamba ni dogo. Naomba nilieleze hili polepole, kwa sababu ndilo lililotugombanisha kuliko kuta zote.

Bomba halikuwa dogo. Wengi wetu tulikuwa tumeunganisha gata za paa na bomba la choo, kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kuondoa maji uani. Fundi aliyekuja kuzibua alituchorea hesabu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Paa la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 50 za mvua, hutoa lita 5,000. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 100, humwaga lita 500 kwa siku. Yaani mvua moja nzito juu ya paa moja huingiza bombani maji ya siku kumi, na huyaingiza kwa saa moja. Tulihesabu paa zilizounganishwa hivyo tukapata kumi na mbili. Maji hayo hayaji peke yake. Huteremka na udongo wetu wa majivu ya volkeno, mwepesi kama unga, ambao hutulia ndani ya bomba mvua ikikatika. Udongo huo ukikutana na mafuta ya kukaangia, nepi na mizizi ya mkaratusi, chemba haina budi kutapika hata jua likiwa kali.

Tangu siku ile tumeacha kuulizana "kosa ni la nani" na kuanza kuulizana "kazi hii ni ya nani." Maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni jukumu la kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba limelitaja waziwazi pamoja na huduma za maji na usafi. Bomba kuu la maji taka hutunzwa na kampuni ya maji. Bomba linalotoka chooni kwako hadi linapokutana na bomba kuu ni lako wewe mwenye nyumba, likiziba usimpigie mtu simu ya malalamiko, mwite fundi. Ukanda wenyewe ni wa mwenye ploti kuutunza: asijenge, asipande mti wenye mizizi mirefu, asimwage kifusi, na asiwafungie geti wafanyakazi wakija kuzibua. Nao wakichimba, wafukie na kurudisha kama walivyokuta. Mpangaji naye asisahaulike, maana yeye ndiye anayejua wa kwanza maji yanapoanza kurudi chooni.

Kuyajua haya ni rahisi kuliko kuvunja ukuta wako mwenyewe. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa ploti ya tisa. Jumamosi moja asubuhi, bila kuitisha mkutano, alitoka na nyundo akaanza kuondoa mawe moja baada ya jingine na kuyapanga kando. Kufikia saa nne vijana walikuwa wamejiunga naye. Mawe yale ndiyo yaliyojengea kingo za mtaro utakaouona, kwa sababu udongo wetu ukiachwa wazi hubomoka, na katika baadhi ya mitaa ya Nakuru ardhi imewahi kufunguka nyufa baada ya mvua kubwa. Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa wa mwisho. Jiko lile la mabati lilikuwa langu, na nililitetea kwa maneno ambayo nimewaomba majirani radhi kwayo, na leo narudia mbele yako.

Mama mwenye vyumba viwili vya kupangisha ndiye aliyepoteza zaidi, kwa kuwa kodi ya vyumba vile ndiyo iliyokuwa ikilipa karo. Hakuna aliyemlazimisha. Kila ploti ilichanga shilingi elfu tatu, na sehemu ya mchango huo tumempa ajenge upya upande wa mbele. Kwa maoni yetu hiyo ni sehemu ya gharama ya mtaro sawa na saruji, wala si sadaka.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu, na moja lina haraka kuliko mengine.

Kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, iliyoko barabara ya chini iliwekwa wakati hapa juu pakiwa shamba, na mahindi yalikuwa yakinywa mvua nyingi kabla haijafika barabarani. Sasa kuna paa na saruji. Tunaomba wahandisi waipime upya, kwa kuwa mtaro wetu mzuri utaishia kuimwagia barabara.

Tunaomba pia ukanda huu upimwe, uwekewe bikoni zake, na uandikwe kwenye rejista ya kila ploti, ili atakayenunua hapa baada yetu aukute kwa maandishi na si kwa mdomo wa jirani.

Lenye haraka ni hili. Shamba lililo juu yetu linagawanywa sasa hivi. Tumeona vijana wa upimaji na vigingi vyao. Kaunti ndiyo inayotoa idhini ya ugawaji chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Tunaomba, kabla muhuri haujapigwa, mtu aje asimame kwenye ukingo wa ploti ya kwanza na aulize maji ya shamba lile yatapita wapi. Tuko tayari kuyapokea katika njia yetu. Maji hufuata mkondo, na sisi tuko chini, hatuwezi kuyakataa. Tunachoomba ni njia ya maji ya shamba lile iungane na yetu kwenye ramani, mistari ya vitone ikutane na mistari ya vitone, na wanunuzi waambiwe maana yake siku wanapoonyeshwa bikoni. Na walio chini yetu wana haki ileile kwetu, hadi Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutokea na hupokea kila tunachoteremsha. Majirani zetu wa Mwariki waliofuatwa na ziwa hadi mlangoni wanalijua hilo kuliko sisi.

Tunakushukuru kwa kuja, na tunaishukuru kampuni ya maji kwa kutupa mashine ya kuzibua kwa siku mbili. Kabla ya kukata utepe tunakuomba utembee nasi ukanda mzima, kutoka juu hadi chini. Chemba ya tatu tumeiacha wazi, imezungushiwa kamba, ili uone maji yanavyopita. Shosho yuko mlangoni pake anakusubiri, na chai iko tayari.

Ni sisi wakazi wa mtaa. Imesomwa na katibu kwa niaba yao.