Shukrani kwa mzee wa kofia ya viua, Ujiji

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Mimi ndiye yule wa Jumamosi, niliyeshuka daladala ya kutoka Kigoma mjini kandambili imekatika, nauliza "kwa Livingstone ni wapi?" Ulicheka, ukaacha kahawa yako barazani, ukaniunga kamba kwa waya, tukatembea.

Nilijua lile moja tu la shuleni: Stanley na Livingstone, 1871, chini ya mwembe. Wewe ukaanzia msikitini. Ukasema Uislamu ulikuja hapa na misafara ya pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wenyeji kabisa. Kisha Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, 1879. Neno "watumwa" ulilisema polepole, ukanyamaza hadi tulipopita wanawake wanaoanika dagaa.

Kwenye mnara nikauliza, mbona ziwa liko mbali hivi? Ukachora Tanganyika mchangani kwa bakora, ukatoboa upande wa Kongo: hapo ndipo mto Lukuga ulipozibuka miaka ya 1870, maji yakashuka, mji ukabaki nyuma. Kwenye kibao pale sikuliona hilo. (Na mwembe wenyewe ulishakufa, iliyopo ni watoto wake.)

Adhana ya alasiri ikakuita ukaondoka. Sikuuliza jina, na nauli uliikataa. Kandambili bado ninayo, na waya wako. Ahsante sana, babu.