Mbona mnatoza kuliko bei ya diski mpya?

Kazi yetu ni kuokoa faili kwenye diski zilizoharibika, na wiki iliyopita mteja alituita wezi. Neno lenyewe hakulitamka, ila alizunguka weee mwisho akaishia hapo hapo: diski mpya ya ukubwa uleule inauzwa chini ya tulichomtajia, sasa sisi tunauza nini? Swali hili limenichosha kulijibu mdomoni, basi leo naliandika.

Diski hatukuuzii. Ukishapata faili zako, ile ya zamani ni chuma chakavu, na sisi wenyewe tutakukataza kuitumia. Unacholipia ni kukisoma kitu kilichokataa kusomwa, na mara nyingi nafasi ya kukisoma ni moja tu.

Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka. Hizi ndogo za kubeba huzunguka kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani bila kuzigusa, kwa mwanya wa nanomita chache. Chembe ya moshi wa sigara hapo ni mlima. Diski ikidondoka huku inazunguka, kichwa hupinda au hung'oka, na ndipo unaposikia ka, ka, ka, halafu kimya. Huo ni mkono wa vichwa: unatafuta njia, hauioni, unarudi kujigonga, unaanza tena.

Ukisikia hivyo, chomoa. Si baada ya kujaribu kompyuta nyingine, si baada ya kubadilisha waya. Chomoa.

Yule mteja aliyetuita wezi hakuchomoa. Alisisitiza kwamba diski "ilikuwa inasoma kidogo kidogo mpaka mlipoifungua". Tulipoifungua, kichujio kidogo cha hewa kilicho kwenye kona kilikuwa cheusi kwa unga, na sahani ya juu ilikuwa na pete inayong'aa. Sahani za diski hizi ndogo nyingi ni za kioo, na tabaka la sumaku likishakwanguka unaona mpaka upande wa pili. Tukamuuliza taratibu. Kumbe aliiacha usiku kucha na programu ya bure ya kurudisha faili. Saa nane za kuzunguka ni zaidi ya mizunguko milioni 2.5, na kila mzunguko kichwa kilichovunjika kinakwangua. Programu hizo si mbaya, ila ni za faili zilizofutwa kwenye diski isiyo na hitilafu. Kioo kitupu hakina data, na hakuna fundi popote duniani atakayeisoma.

Ingekuja siku ile ya mlio wa kwanza, tungetafuta diski ya kuchinja ili tuchukue vichwa vyake: modeli ileile, idadi ileile ya vichwa, tarehe ya kutengenezwa isiyopishana sana. Hata hapo vichwa vyake vinaweza kukataa, tukachinja ya pili na ya tatu, na zote tunazinunua. Hilo ndilo fungu ambalo mteja halioni kwenye bei. Vichwa huhamishwa ndani ya kabati la hewa iliyochujwa, vikishikiliwa na kitana maalumu ili visigusane. Kisha hatufungui folda hata moja. Tunanakili sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kidogo cha data, kwenda kwenye diski isiyo na hitilafu, kwa mashine inayojua kuacha: sehemu ngumu inarukwa na kurudiwa mwishoni, kichwa kinachosumbua kinazimwa ili vingine vimalize kwanza. Kazi hii huchukua siku, pengine wiki. Faili zinatafutwa baadaye, kwenye nakala. Vichwa vilivyohamishwa huweza kufa katikati ya kazi, ndiyo maana tunakuuliza mapema ni folda gani usingependa kuikosa.

Halafu kuna watu wa bodi, ile sahani ya saketi za umeme iliyofungwa nje ya diski. Mmoja alichomeka adapta ya volti kubwa, diski ikazima jumla. Akanunua bodi yenye namba ileile, akafunga, akapata ka, ka, ka. Zamani mbinu hiyo ilikuwa inakubali. Diski za sasa zina chipu kwenye bodi yenye vipimo vya diski hiyo peke yake, kwa hiyo chipu lazima ihamishwe kwenda kwenye bodi mpya. Tukamwomba bodi ya zamani. Alishaitupa! Na uchungu zaidi ni kwamba umeme ukizidi, mara nyingi kinachokufa ni diodi ya ulinzi, iliyowekwa pale ife yenyewe ili bodi ipone. Kuitoa ni kazi ya dakika chache, na katika kazi zetu zote hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Na bado wapo wanaoiweka diski kwenye friza wakitumaini itapona. Diski iliyotoka kwenye baridi hushika umande, na umande juu ya sahani ni kichwa kingine kilichokufa. Iliyoingia maji, usiianike wala usiizike kwenye mchele: maji yakikauka huacha chumvi na uchafu wake kwenye sahani. Ifunge kwenye mfuko ikiwa na unyevu wake, uilete.

Kuipima hatutozi. Tukishindwa, kazi hulipii. Unalipia diski tulizochinja, na hizo tunakuuliza kabla ya kuzinunua. Ila kama kuna mtu ameshaifungua kwa bisibisi nyumbani, tuambie ukweli mlangoni. Hatutakugombeza, tunataka tu kujua tuanzie wapi.

Na tafadhali, usiiwashe pale kaunta ili utuonyeshe inavyolia. Mlio wake tunaujua.